Si Kila Uvimbe wa Ini ni Saratani

Mwandishi wa makala haya si tabibu. Kazi yake ni kutoa taarifa za jeshi kwa magazeti na redio, na mafunzo aliyoyapata katika chuo cha makadeti yalihusu ramani, silaha na nidhamu, wala hayakuligusa ini la binadamu hata siku moja. Lakini mambo mawili yaliyotokea karibu naye katika muda usiozidi miaka minne, moja kazini na la pili katika ukoo wake, yalimpeleka mara kwa mara kwenye milango ya wataalamu wa picha za tiba hapa Kampala. Swali lake lilikuwa moja. Mashine ile huona nini hasa ndani ya ini, hata ugonjwa wa mtu mmoja ukamfanya daktari huyu aseme saratani na yule aseme minyoo?

Jambo la kwanza lilimhusu sajini mmoja. Jina lake si la gazeti, basi na tumwite Sajini. Ni mzaliwa wa Karamoja, mtoto wa wafugaji, aliyechunga mbuzi na ng'ombe tangu utotoni hadi alipoandikishwa jeshini. Kwa muda wa mwaka mzima alihisi uzito chini ya mbavu za kulia, kana kwamba amemeza jiwe na jiwe hilo limekataa kushuka. Hakuwa na homa, hakukonda, na mbio za asubuhi alizikimbia sawa na vijana. Hatimaye alipimwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ile iitwayo altrasaundi, akakabidhiwa karatasi iliyosema kwamba upande wa kulia wa ini lake una uvimbe mkubwa, wenye sehemu ngumu na sehemu za majimaji, na kwamba yashukiwa kuwa ni saratani. Damu nayo ilipopimwa ikaonekana kuwa na virusi vya homa ya ini ya aina ya B. Akapangiwa siku ya kuchomwa sindano ndefu ili kipande cha uvimbe huo kitolewe na kuchunguzwa.

Siku mbili baadaye alikuja ofisini kwangu, akapiga saluti, akavua kofia, akaketi bila kuambiwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Afande," akasema, "nimekuja kuaga."

Mfukoni alikuwa na orodha aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe: ng'ombe wa mdogo wake, ng'ombe wa mkewe, ada ya shule ya watoto watatu, na jina la mtu anayemdai. Aliisoma yote kwa sauti ileile aitumiayo kusoma orodha ya zamu.

Ndugu msomaji, usifanye haraka kumlaumu aliyeandika karatasi ile. Daktari wa Uganda aonapo uvimbe katika ini ana sababu nzuri za kuihofu saratani. Maradhi hayo ni ya siku nyingi katika nchi hii, na vitabu vya kuorodhesha wagonjwa wa saratani vilivyofunguliwa hapa Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1950 vimeyataja tangu zamani. Sababu yake kubwa ni virusi vya homa ya ini ya aina ya B. Uchunguzi wa damu uliofanywa nchini mwaka 2005 ulionyesha kwamba mtu mzima mmoja katika kila kumi alikuwa navyo. Lakini katika kaskazini mashariki, kwao Sajini, kiwango kilikaribia robo ya watu wote waliopimwa. Sababu ya pili ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu katika nafaka na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Watafiti walikusanya vyakula kutoka pembe mbalimbali za Uganda katika mwaka 1966 na 1967, wakavipima, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 1971 yalionyesha kwamba mikoa yenye sumu hiyo kwa wingi ndiyo iliyokuwa na saratani ya ini kwa wingi. Karamoja ilikuwa miongoni mwayo.

Basi Mkaramojong mwenye uvimbe wa ini na virusi vya aina ya B, nani asingewaza saratani?

Ila Karamoja ina jambo lingine. Ng'ambo ya mpaka wake wa mashariki iko nchi ya Waturkana wa Kenya, na huko ndiko kulikoonekana mojawapo ya viwango vya juu kabisa duniani vya ugonjwa uitwao haidatidi, yaani ugonjwa wa mifuko ya maji. Wafugaji wa pande zote mbili za mpaka huishi maisha yanayofanana, na katika miaka ya 1970 madaktari wa Uganda nao waliandika juu ya ugonjwa huo katika nchi yetu. Anayeuleta ni tegu mdogo mno, mwenye urefu wa milimita chache tu, aishiye katika utumbo wa mbwa. Mbwa hula matumbo ya mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia aliyechinjwa, akiwamo mwenye vifuko vya ugonjwa, na tegu hukua ndani yake. Mayai hutoka pamoja na kinyesi, hushika manyoya, majani, maji na mikono ya watoto. Mtoto akiyameza, kijidudu hutoboa utumbo, hufuata damu, na kituo chake cha kwanza ni ini. Takriban mifuko saba katika kila kumi hupatikana humo. Mingi ya iliyobaki hupatikana katika mapafu. Hapo hujenga mfuko wa maji maangavu, unaokua polepole sana, mwaka baada ya mwaka, bila kumsumbua mwenyewe. Aliyeyameza mayai akiwa mchungaji wa mbuzi huweza kuupata uzito wa mbavu akiwa ana vyeo begani.

Nilimpeleka Sajini kwa daktari bingwa wa picha, mama wa makamo mwenye maneno machache. Aliisoma ile karatasi, akaiweka pembeni, na kabla hajawasha mashine akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelitia maanani.

"Nyumbani kwenu mlikuwa na mbwa?"

"Mama daktari," akajibu Sajini, "boma la mfugaji bila mbwa ni boma gani?"

Ndipo alipompaka mafuta ya baridi tumboni na kuanza kutazama. Nami niliruhusiwa kusimama nyuma yake. Kwanza niliona ukungu mtupu wa kijivu, kama runinga iliyokosa stesheni. Yeye akanielekeza kwa kidole. Ule uvimbe ulikuwa na ukuta wa mistari miwili uliouzunguka kwa unadhifu. Ndani yake, katika upande mmoja, palikuwa na vifuko vidogo vya mviringo vilivyosongamana kama vyumba vya sega la asali; hao ni watoto wa mfuko mama. Katika upande wa pili palikuwa na kitu kizito, na ndani ya uzito huo mikunjo ya utando uliobanduka. Utando wa namna hiyo ukielea juu ya maji, madaktari huufananisha na yungiyungi ziwani. Kisha akabonyeza kitufe kinachoonyesha mwendo wa damu kwa rangi. Mishipa ya ini ilionekana ikizunguka uvimbe huo, imesukumwa kando kama maji yanavyolizunguka jiwe. Ndani ya uvimbe hapakuonekana damu hata chembe.

"Saratani haina adabu hiyo," akasema. "Huingia ndani ya mshipa. Hii imekaa mahali pake na kusukuma majirani tu."

Akapiga simu ili ile sindano ifutwe. Hilo ndilo lililonitetemesha zaidi nilipoelezwa. Sindano ambayo katika saratani huleta ukweli, katika mfuko wa tegu huweza kuleta balaa. Maji ya mfuko huo yakimwagika tumboni, mwili huweza kupatwa na mshtuko wa ghafla wa kumuua mgonjwa kitandani. Na akinusurika, vijidudu vilivyomwagika huweza kuota mifuko mipya kila vilipoangukia. Kuna wakati madaktari huichoma mifuko hiyo kwa makusudi, mfuko wenye maji matupu usio na watoto, wakavuta maji, wakatia dawa ya kuua vijidudu na kuyavuta tena. Lakini hufanya hivyo wakijua wanachokichoma, mgonjwa akiwa amekwisha kunywa dawa, na vifaa vya kumwokoa vikiwa mezani. Kuuchoma kwa kudhani ni saratani ni jambo lingine kabisa.

Kwa nini basi macho ya kwanza yalikosea? Kwa sababu mfuko huu una umri, na sura yake hubadilika kadiri umri unavyokwenda. Ukiwa mchanga ni duara jeusi la maji safi, na hata mwanafunzi huutambua, ingawa huweza kuufananisha na mfuko wa kawaida wa maji ambao watu wengi huzaliwa nao. Baadaye huzaa vifuko. Baadaye utando hubanduka. Kisha maji hukauka na kuwa uji mzito, na hapo ndipo mtego ulipo: katika picha mfuko huonekana kama donge gumu lililochanganyikana, kama fundo la uzi wa sufu, na anayelitazama kwa haraka ataapa kwamba ni saratani. Mwisho wake ukuta hujaa chokaa na kufanana na ganda la yai. Daktari Gharbi na wenzake wa Tunisia, nchi ambayo nayo inaufahamu ugonjwa huu, walizipanga sura hizo kwa madaraja mwaka 1981, na mwaka 2003 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wakatoa mpangilio unaotumika hadi leo. Wa Sajini ulikuwa katikati ya safari, nusu watoto, nusu uji.

Kipimo cha damu cha kutafuta dalili za tegu husaidia, lakini kisitumiwe kama hakimu. Watu kadhaa wenye mifuko hupimwa na damu ikasema hawana. Kadhalika virusi vya aina ya B havithibitishi saratani, maana katika nchi yetu maelfu wanavyo na ini lao halina uvimbe wowote. Sajini alikuwa na vyote viwili, virusi na tegu, kila kimoja kwa njia yake.

Palipo na shaka, mgonjwa hupelekwa kwenye siti-skani, ile mashine ya duara ambayo mgonjwa huingizwa katikati yake akiwa amelala. Mwingereza Godfrey Hounsfield ndiye aliyeiunda, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha nayo London mwaka 1971. Mwaka 1979 akatunukiwa Tuzo ya Nobel, ingawa hakuwa daktari bali fundi wa mitambo. Jambo hilo limenipa moyo kidogo katika kuyaandika haya.

Hila ya mashine hiyo katika ini ni ya kupendeza, na inaeleweka hata kwa askari. Ini lina milango miwili ya damu. Karibu robo tatu ya damu yake hupitia mshipa mpana utokao matumboni. Robo iliyobaki huletwa na ateri. Nyama nzima ya ini hutegemea zaidi mlango wa kwanza, lakini saratani iliyoanzia katika ini hujijengea mishipa yake kutoka kwenye ateri, kama mtu anayejivutia umeme kwa waya wake mwenyewe. Mgonjwa hudungwa mkononi dawa inayong'aa katika picha. Baada ya nusu dakika na ziada kidogo dawa iko katika ateri, na saratani huwaka wakati ini bado limefifia. Dakika chache baadaye ini lote limeng'aa, na saratani, iliyokwisha kuipitisha dawa, imekuwa kiza. Kuwaka mapema na kufifia mapema ndiyo saini yake. Kwa mtu mwenye virusi vya aina ya B au mwenye ini lililosinyaa, saini hiyo ikionekana wazi huweza kutosha hata bila sindano. Mfuko wa tegu hauna damu ndani, kwa hiyo hukaa vilevile tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho.

Sasa nifike kwenye jambo la pili, ambalo sipendi kulisimulia, lakini bila hilo makala haya yangekuwa ya uongo.

Mjomba wangu, mfanyabiashara hapa mjini, alishikwa na homa na maumivu upande uleule wa kulia. Picha ikaonyesha shimo katika ini lenye uji ndani, naye akaambiwa ni jipu la amiba. Jambo hilo halikuwa la ajabu. Amiba aletaye kuhara damu huweza kupanda kutoka utumboni hadi kwenye ini na kuliyeyusha, hasa kwa wanaume, na aghalabu hutoa jipu moja upande wa kulia. Katika eksirei ya kifua kiwambo cha kulia huonekana kimeinuliwa. Katika altrasaundi huonekana duara lenye kiza karibu na ukingo wa ini. Dawa yake ni metronidazoli, na uzuri wa ugonjwa huo ni kwamba hutii upesi: kwa kawaida homa huanza kushuka katika siku tatu hivi, hata kama jipu ni kubwa.

Homa ya mjomba haikushuka. Alirudi, akapewa dawa zaidi. Alipopigwa picha tena shimo lilikuwa palepale, naye akaambiwa asiwe na wasiwasi, kwa kuwa shimo la jipu huchukua miezi kuzibika hata mgonjwa akiisha kupona. Maneno hayo ni kweli tupu, na niliyasikia tena baadaye kutoka kwa kila bingwa niliyemuuliza. Lakini ni kweli kwa mtu ambaye homa imemtoka na hamu ya kula imerudi. Mjomba alikuwa akikonda. Sisi jamaa tulilishika neno "miezi" tukalikumbatia, maana lilitupa tulichokitaka. Wiki zikapita. Siti-skani ilipofanyika hatimaye, kingo za lile shimo ziliwaka mapema na kufifia mapema, na saratani ilikuwa imekwisha kuingia ndani ya ule mshipa mpana. Ule uji ulikuwa nyama ya saratani iliyokufa katikati kwa kukosa damu. Kipimo cha damu kiitwacho alfafetoproteini, ambacho hakipandi kwa sababu ya jipu, kilikuwa juu mno. Tulimzika kabla ya miezi miwili kutimia.

Sikusimulia haya ili nimshitaki mtu. Ila naona watu wengi hudhani kosa liko upande mmoja tu, yaani kutangaza saratani pasipo na saratani. Kosa la upande wa pili halipigi kelele, nalo huua.

Wako wageni wengine wa ini ambao nitawapita kwa haraka zaidi. Kichocho cha tumbo kimewatesa sana watu wa Ziwa Albert, Butiaba na vijiji vya jirani. Minyoo yake hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo, na mayai yake husombwa hadi kwenye ini na kukwama katika matawi ya mshipa ule mpana, nayo makovu hujengeka kuyazunguka. Katika altrasaundi makovu hayo huonekana kama mabomba meupe. Daktari Symmers aliyaeleza huko Misri mwaka 1904, akayafananisha na shina la kiko cha udongo. Wapo walioambiwa kwamba mabaka hayo meupe ni vivimbe vya saratani. Mwenye jicho lililozoea hufuata umbo: kovu la kichocho hutembea kando ya mishipa, halifanyi donge. Wataalamu waliokutana Niamey, mji mkuu wa Niger, mwaka 1996 waliandaa michoro ya kulinganishia, ili mpimaji wa kijijini alinganishe picha yake na mchoro. Uganda ilianza mpango wa taifa wa kugawa dawa ya prazikwanteli mwaka 2003, na kipimo chake vijijini hutolewa kwa fimbo ya urefu: mtu husimama, fimbo husema vidonge vingapi.

Yupo pia mnyoo bapa wa ini, ambaye wachinjaji wetu wanamjua sana kwa ng'ombe. Humpata binadamu mara chache, kwa majani mabichi ya majini, na katika picha huacha vijia na vidoa vinavyofanana sana na saratani iliyosambaa kutoka kiungo kingine. Na huko Thailand, kaskazini mashariki, mambo yamegeuka: mnyoo wa ini apatikanaye katika samaki mbichi huleta saratani ya mirija ya nyongo yeye mwenyewe, na tangu mwaka 1994 ametajwa rasmi kuwa msababishaji. Huko swali la "mnyoo au saratani" huweza kujibiwa: vyote viwili.

Faraja ya nchi kama yetu ni kwamba mashine iliyofanya kazi kubwa zaidi katika habari hii ndiyo iliyo rahisi zaidi. Wataalamu wa shirika la AMREF walipoanza kupambana na haidatidi huko Turkana mwaka 1983, waliibeba altrasaundi hadi kwenye maboma, wakawapima watu chini ya miti, na ikaonekana kuwa inafaa kuliko kutegemea kipimo cha damu peke yake. Hapa Kampala Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na Daktari Albert Cook mwaka 1897, ina taasisi inayofundisha kazi ya altrasaundi. Na Mulago ina Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanza mwaka 1967. Hata hivyo mashine ni macho tu. Bingwa aliyempima Sajini hakuwa na mashine bora kuliko ile ya kwanza, maana mimi mwenyewe niliona kwamba ni ya zamani. Alichozidi ni kuuliza juu ya mbwa.

Sajini alinywa albendazoli, akapasuliwa, akaendelea kunywa vidonge hivyo baada ya upasuaji. Madaktari waliuzungushia mfuko vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi kali, ili kitakachomwagika kife papo hapo. Virusi vya aina ya B anaendelea kufuatiliwa, na kila mwaka hupigwa picha ya ini. Iliyopita ilionyesha kovu tu. Ile orodha ya ng'ombe aliichana mbele yangu, isipokuwa jina la yule mtu anayemdai.

Alipopata likizo alipanda basi la Moroto akiwa na furushi la vidonge vya mbwa alivyovinunua kwa daktari wa mifugo. Aliporudi alinihadithia kwamba mama yake alicheka hadi machozi kusikia askari mzima amesafiri kutoka Kampala kuja kuwanywesha mbwa dawa ya minyoo. Kisha yule mama akainuka, akamshika mbwa mzee taya, akamwambia mwanawe alete hicho kidonge.